Sura ya Sita: Waliosamehewa Mwisho

Tarehe 16 Oktoba 1929 kamati ya sheria za jinai ya bunge la Ujerumani ilipiga kura kukifuta kifungu cha 175, ambacho tangu 1872 kilikuwa kikiwafunga wanaume kwa kosa la kulala na wanaume wenzao. Walioafiki walikuwa 15, waliopinga 13. Daktari Magnus Hirschfeld alikuwa ameanza kukusanya saini dhidi ya kifungu hicho mwaka 1897, kwa hiyo ungedhani siku hiyo kwake ilikuwa sikukuu. Wapi! Harakati yake ilikuwa imeshaanza kupasuka, na mwezi uliofuata aliacha kuiongoza kamati aliyoiasisi mwenyewe. Moja ya mambo waliyogombania ni kwamba rasimu iliyofuta 175 ilileta kifungu kipya, cha 297, na humo mwanamume anayejiuza alitengewa adhabu yake. Mabwana wawili wazima waliofunga mlango wao waachwe. Pakiwa na pesa mezani, aliyezipokea aende jela.

Rasimu hiyo haikupata kuwa sheria. Uchumi ulianguka, Manazi wakaingia, na mwaka 1935 wakakifanya kifungu cha 175 kiwe kikali kuliko alivyokikuta Hirschfeld. Lakini mantiki ya kura ile haikufa. Ujerumani Magharibi ilipolegeza kamba mwaka 1969, wanaume wazima waliruhusiwa kupendana, ila mwanamume aliyefanya hivyo kwa malipo aliendelea kuwa mhalifu hadi 1973. Wanawake waliokuwa wakifanya biashara hiyo hiyo walivumiliwa muda wote huo. Mtalii anayeshuka Berlin leo akiwa na simu mkononi, akachagua mwanamume wa kuandamana naye jioni kama mtu anavyochagua teksi, anaingia katika nyumba ambayo mlango wake wa mwisho kufunguliwa ulikuwa wa huyo anayemwita.

Mimi ni mmoja wa watalii hao. Ni mtu wa Mombasa, nywele zimeanza mvi, kazi yangu ni ya ofisini Nairobi. Biashara ya wanaume haikuwa ngeni kwangu, kwani kwetu Pwani nani asiyejua ya Mtwapa na Diani? Vijana wa ufukweni na wazee wa Kizungu, wanaume kwa wanawake, ni habari za kila kijiwe. Kinachosahaulika ni kwamba safari hiyo inaweza kugeuzwa. Mswahili naye anaweza kukusanya pesa zake, akalipa euro 90 za viza, akapeleka taarifa za benki na barua ya likizo, akaandika kwenye fomu kwamba sababu ya safari ni utalii, na asiwe amesema uongo. Mamangu nilimwambia nakwenda kikazi. Akanikumbusha nibebe sweta.

Mtaa ninaousimulia unaanzia kituo cha treni cha Nollendorfplatz, katika wilaya ya Schöneberg. Ukutani, upande wa kusini wa kituo, kuna kibao cha pembetatu cha jiwe la rangi ya waridi, kilichowekwa mwaka 1989 kuwakumbuka mashoga waliouawa na Manazi, maana pembetatu ya rangi hiyo ndiyo waliyoshonewa kifuani kambini. Watu wanapita mbele yake na mifuko ya viazi. Hatua chache kutoka hapo ni Nollendorfstraße 17, alikokuwa akipanga chumba mwandishi Mwingereza Christopher Isherwood, ambaye alifika Berlin mara ya kwanza Machi 1929. Kitabu chake cha 1939 kuhusu mji huu kilizaa filamu na michezo ya kuimbwa, lakini ndani yake alijificha. Ilimchukua hadi 1976, akiwa mzee California, kuandika waziwazi kwamba kilichomvuta Berlin kilikuwa wanaume. Mwanzoni mwa 1932 Wajerumani wasio na kazi walipita milioni 6, na pauni ya Uingereza mfukoni ilimfanya mwanafunzi aliyeacha chuo aonekane tajiri. Vitabu vya utalii hupenda kuiita Berlin ya zama zile mji wa uhuru. Ulikuwa hivyo kwa mwenye pauni. Kwa aliyekaa baa akingoja kununuliwa supu, 1929 na 1932 ilikuwa miaka ya njaa, na kifungu cha 297 kilikuwa kikinolewa kwa ajili yake.

Jengo lililokuwa klabu ya Eldorado ya zama zile bado lipo kwenye kona ya Motzstraße. Siku hizi ni duka la vyakula. Jirani yake ni Prinz Eisenherz, duka la vitabu lililofunguliwa 1978, na ukiniuliza mgeni aanzie wapi, nitasema aanzie hapo, si kwenye disko. Disko za Berlin zimeandikwa na kila mtu na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba foleni ni ndefu na baridi haina huruma. Dukani nilikaa kwenye kiti nikisoma migongo ya vitabu, na hakuna aliyeniuliza nataka nini. Mtaa wa pili, Bülowstraße, kuna Mann-O-Meter, kituo cha habari na ushauri kwa mashoga kilichofunguliwa miaka ya themanini. Humo utapewa ramani, utaelezwa pa kupima virusi vya Ukimwi bila kutaja jina, na ukipigwa au ukiibiwa, watu wa mradi wao wa Maneo watakusaidia kuandika malalamiko. Mtu anayetoka nchi ambayo polisi ndio anaowaogopa kwanza huchukua muda kulielewa hilo la mwisho.

Upweke wa Berlin una namna yake. Mombasa ukila peke yako mkahawani, kabla hujamaliza chapati kuna mtu ameshavuta kiti na kukuuliza habari za nyumbani, na swali la tatu litakuwa la mke. Berlin hakuna swali la kwanza. Siku za mwanzo ni raha tupu, unatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha inafika jioni ukagundua kwamba tangu asubuhi hujamwambia mtu neno zaidi ya kuagiza kahawa, na kwamba wanaume wote wale wazuri kwenye meza za nje wamekuja na wenzao. Programu za simu za kutafutana zipo, na mashuhuri mojawapo ilizaliwa hapa hapa Berlin mwaka 2002. Lakini mwenye umri wangu na rangi yangu humo hujifunza upesi kwamba kuna wanaomtaka kwa sababu ya rangi na kuna wanaomkataa kwa sababu hiyo hiyo, na kote kuwili hajaulizwa jina.

Nikafungua ukurasa wa eskoti.

Utaratibu wenyewe ni mkavu kuliko watu wanavyodhani. Mtu ameweka picha zake, umri, lugha anazozungumza, anachofanya na asichofanya, na bei. Nyingi nilizoziona zilikuwa kati ya euro 150 na 200 kwa saa, usiku mzima ukiwa na hesabu yake. Unaandika ujumbe wa adabu: siku, saa, mahali, unachopenda. Anakujibu ndiyo au hapana. Niliyemchagua alikuwa amepita arobaini, mtu wa Saksonia, zamani muuguzi, na katika maelezo yake aliandika kwamba kukutana kwanza kwa kahawa hakuna malipo. Hilo ndilo lililonivuta. Wanaokimbilia picha ya kifua mara nyingi hupata kifua tu, na pengine si kile cha pichani.

Kwenye kahawa alizungumza kama fundi anayekadiria kazi. Aliniuliza kama nina maradhi ya moyo, kama nakunywa dawa yoyote, kama kuna jambo sitaki liguswe, mwilini au katika mazungumzo. Alitaja malipo mara moja, akayaacha. Nilipomuuliza kama haogopi, alidhani nauliza juu ya wateja wakorofi. Nilikuwa nauliza juu ya serikali. Akacheka, akanieleza kwa kirefu, na maelezo yake naona yana faida kwa msomaji kuliko yaliyofuata chumbani, ambayo yatabaki yangu na yake.

Tangu Januari 1, 2002, sheria ya Ujerumani inayatambua makubaliano ya namna hii: aliyefanya kazi na hakulipwa anaweza kudai mahakamani kama mdai mwingine yeyote. Kabla ya hapo mahakama zilisema mapatano hayo yanakiuka maadili, hivyo hayana nguvu. Kisha Julai 1, 2017 ikaja sheria ya pili, iliyopewa jina la kuwalinda wauza ngono. Hiyo inamtaka kila mmoja wao ajiandikishe. Kwanza anakwenda kupata ushauri wa afya, kisha anakaa na ofisa, kisha anapewa cheti chenye picha kinachodumu miaka miwili. Ushauri wa afya unarudiwa kila mwaka. Anaweza kupewa cheti cha pili chenye jina la kazi badala ya jina la baba yake. Mpira ni lazima kwa sheria, na anayetozwa faini kwa kuukataa ni mteja, faini inayoweza kufika euro 50,000. Hiki kipande cha mwisho alikisema huku akinitazama, kisha akaagiza keki.

“Na kodi?” nikamuuliza.

Kodi analipa. Ana mhasibu.

Nakiri nilijisikia vizuri mno baada ya mazungumzo yale, vizuri kwa namna ya kutiliwa shaka. Mbele yangu palikuwa na mtu mzima, mwenye karatasi zake, aliyechagua kazi hii baada ya nyingine, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa akivunja sheria. Dhamiri ya mnunuzi haihitaji zaidi. Siku ya pili nilimlipa kwa mchana mzima, tukatembea katika bustani ya Tiergarten. Tulishikana mikono njia nzima, jambo lililokuwa kwenye orodha yangu tangu nikiwa na miaka ishirini, na halikuwa na msisimko niliotarajia: mkono ulitoka jasho tu, kama mikono itokavyo.

Upande wa mashariki wa bustani, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi, kuna pande kubwa la saruji lililosimama upande kidogo. Lina kidirisha. Ukichungulia unaona filamu ya busu la watu wa jinsia moja. Ni kumbukumbu ya mashoga walioteswa na Manazi, kazi ya wasanii Elmgreen na Dragset, iliyofunguliwa Mei 2008. Kwa makadirio ya wanahistoria, utawala ule uliwahukumu wanaume wapatao 50,000 kwa kifungu cha 175, na kati ya 5,000 na 15,000 walipelekwa makambini. Mwenzangu alichungulia kwa ustaarabu, akarudi nyuma. Akasema mle ndani wanaobusiana ni wapenzi siku zote. Mwaka 1935 Manazi waliongeza kifungu cha 175a kwa makosa waliyoyaona mazito zaidi, kifungo kikifika miaka kumi ya kazi ngumu, na mojawapo ya makosa hayo lilikuwa kujiuza. Wanaume wale nao walikufa, akasema, na hakuna filamu inayowezekana kwenye kidirisha kile ikawaonyesha wao, kwa sababu mtu akilipwa kubusu nani ataamini kuwa ni busu? Hakusema kwa uchungu. Alikuwa ameshayafikiria zamani, wakati wateja wengine wakimleta papo hapo.

Treni ya S1 inakufikisha Oranienburg, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu hadi kambi ya Sachsenhausen. Huko nilikwenda peke yangu. Wenye pembetatu za waridi walifanyishwa kazi kwenye kiwanda cha matofali, na katika kiangazi cha 1942 karibu 200 kati yao waliuawa kwa makusudi. Nilijua hayo kabla ya kwenda. Kilichonipeleka hasa ni mtu wa kwetu. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliingia jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki akiwa mtoto wa askari, akaja Berlin baina ya vita viwili vya dunia kudai mishahara ya zamani, akabaki. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza vijisehemu vya filamu za kusifu ukoloni, kwa kuwa ndizo zilizompa mlo. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani mweupe. Alikufa Sachsenhausen Novemba 24, 1944. Hakuwa shoga, wala simvishi ushoga asiokuwa nao. Ila serikali ile ile, kwa tabia ile ile ya kuchungulia kitanda cha mtu, ilimweka nyuma ya waya mmoja na wanaume wa pembetatu. Kwenye Brunnenstraße, mbele ya nyumba nambari 193, kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake kimepachikwa njiani. Wapita njia wa Kiswahili ni wachache, nadhani. Ukiwa Berlin pitia.

Tatizo la mwanamume mwenye cheti na mhasibu ni kwamba anakufanya uamini kuwa wote wako hivyo. Mwisho wa 2023 walioandikishwa Ujerumani nzima, wake kwa waume, walikuwa takriban 30,600, na hakuna anayeijua biashara hii anayedai kwamba hao ndio wote. Nyuma ya mitaa ile ile ya Schöneberg kuna baa ndogo ambazo mtalii huzipita bila kuziona, mapazia yamefungwa, muziki ni wa zamani. Ndani, upande mmoja wamekaa wazee na bia zao. Upande wa pili wamesimama wanaume wa kati ya miaka ishirini na thelathini, wengi wao kutoka Romania na Bulgaria, nchi zilizoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Bei huku haiandikwi popote. Inategemea saa, na inategemea kama mtu ana pa kulala usiku ule.

Nilimnunulia bia mmoja aliyesema anatoka karibu na Plovdiv. Sikumwomba kingine, na nilipomwambia hivyo aliona nampotezea muda, ikabidi nilipie muda huo. Kijerumani chake kilikuwa cha mjengo, changu cha kamusi. Ana mke na binti. Nyumbani wanajua yuko kwenye ujenzi, na si uongo mtupu, kwa kuwa kibarua kikipatikana anakwenda. Kwa nini hajiandikishi? Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini haruki. Ofisi itatuma karatasi. Karatasi ina anwani, na anwani anayoitumia ni ya binamu. Nikamweleza habari ya cheti cha jina la kazi, nikijua ninasema kama kipeperushi cha serikali. Akasema jina la kazi linaandikwa kwenye cheti, lakini la kweli linabaki kwenye kabati la ofisi, na kabati zote duniani hufunguliwa. Shoga? Hapana, yeye si shoga. Alisema hivyo mara tatu.

Mtu yule alikuwa anaishi Mombasa. Namaanisha maisha yake yalikuwa yale niliyoyakimbia mimi kwa likizo: simulizi moja ya nyumbani na nyingine ya mjini, simu inayogeuzwa uso chini mezani, mahesabu ya nani anamjua nani. Uhuru wa Schöneberg ulikuwa umetandazwa pande zake zote na yeye amesimama katikati haumgusi. Mimi niliyetoka mbali zaidi nilikuwa nao kwa sababu nilikuwa mnunuzi. Shirika liitwalo SUB/WAY limekuwa likiwatembelea wanaume kama yeye, mitaani na kwenye baa, na mipira, daktari, mahali pa kuoga na mtu wa kusoma barua za serikali. Hilo la barua ndilo alilolisifu. Daktari, alisema, unaweza kumkosa.

Sasa Wajerumani wenyewe wanabishana tena. Wako wanaotaka wafuate njia ya Swideni, ambayo tangu 1999 inamwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji, au ya Ufaransa, iliyofanya hivyo Aprili 2016 kwa faini ya euro 1,500. Msafiri aliyezoea Berlin na akapanda treni kwenda Paris, hilo alijue mapema. Ukisikiliza mjadala huo redioni utasikia habari za wanawake, karibu kila sentensi. Wanaume hawatajwi; wakitajwa ni kama tanbihi. Mimi sheria ya kumwadhibu mnunuzi siiamini, na msomaji ana haki ya kusema kwamba nina masilahi. Lakini muulize mtu wa Plovdiv nani atamkaribia kwenye mwanga mteja akianza kuogopa polisi.

Jioni ya mwisho niliila na yule Msaksonia, nje ya hesabu ya saa, kila mtu akilipa chakula chake kwa desturi ya huko. Akaniuliza kama Nairobi wapo wenzake. Nikamweleza vifungu vya 162 na 165 vya sheria yetu ya adhabu, na hukumu ya Mei 24, 2019, ambapo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta, na kifungu cha 153 kinachomhusu mwanamume anayetongoza hadharani. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza hadithi ya babu yake. Kisha nikamwambia jambo lililomfanya aweke uma chini: kwamba Nairobi, wanaume wauza ngono waliunda shirika lao wenyewe, HOYMAS, mwaka 2009, na kwamba wana kliniki. Wakati watu wa tai na ofisi kama mimi tulikuwa bado tunabadilisha majina kwenye simu zetu, wao walikuwa wameshaweka meza, mizani na friji ya dawa. Sisi wengine tukafuata baadaye, kimyakimya, kuchukua vidonge vya kujikinga na virusi kutoka mikononi mwao. Akataka kujua walipataje usajili kukiwa na sheria kama hiyo. Nikamwambia sijui, ila nikirudi nitakwenda kuwauliza, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akatoa kalamu, akaandika lile jina.